Watasema na Ndoo Yake: Siku Mbwa Alipovaa Dishi Kijijini

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu chanjo ya kideri kwa kuku. Nimeiweka pembeni kwanza, kwa sababu kila ninakopita na pikipiki watu wananisimamisha kuniuliza jambo moja tu: "Bwana Mifugo, ni kweli ulimvalisha mbwa ndoo?"

Ni kweli. Na kwa kuwa habari hiyo imeshafika hadi vijiji ambavyo si vyangu, na kila inapofika inaongezwa chumvi, naona heri niieleze mwenyewe ilivyokuwa. Mtacheka, na mcheke tu. Mimi mwenyewe nilicheka. Ila ndani yake kuna sehemu ambayo si ya kuchekesha hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika.

Mbwa mwenye jina la barua

Katika kijiji kimoja wilayani Ikungi kuna bibi ninayemheshimu sana. Ni mjane, anaishi na mjukuu wake wa kiume anayesoma darasa la saba. Analima alizeti na mtama, ana kuku wa kienyeji ambao hawahesabiki maana wengine hulala juu ya mti, na alikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Walinzi wa mbuzi hao ni wawili: zizi la miiba, na mbwa.

Mbwa huyo anaitwa Watasema. Mnajua jinsi tunavyowapa mbwa majina huku kwetu. Jina la mbwa ni barua kwa jirani. Mume wa Bibi alipofariki, watu walisema hataweza kufuga peke yake, kwamba auze mbuzi akaishi kwa mwanawe mjini. Hakuuza. Alitafuta mtoto wa mbwa, akamwita Watasema, na kila jioni akawa anasimama mlangoni kumwita kwa sauti kubwa ili wahusika wasikie.

Watasema si mbwa wa kupigwa picha. Ni hawa mbwa wetu wa kawaida, rangi ya udongo, sikio moja limechanika, mkia umepinda. Lakini usiku anafanya kazi. Wanaokaa pembezoni mwa vichaka wanaelewa, fisi huku kwetu si hadithi ya kutishia watoto. Anakuja kweli, na asipobwekewa anaingia kweli.

Mwishoni mwa Mei, watu wakiwa kwenye kuvuna alizeti, Watasema alikimbiza kitu usiku akapita chini ya seng'enge ya jirani. Waya ukamchana paja la nyuma, jeraha la urefu wa kiganja. Asubuhi mjukuu alinifuata kwa baiskeli.

"Shikamoo. Bibi anasema daktari uje."

Mimi si daktari. Nina stashahada ya afya na uzalishaji wa mifugo niliyoipata LITA, kampasi ya Mpwapwa, na kila siku nawaambia watu hivyo. Lakini kijijini ukishashika sindano, wewe ni daktari. Nikaenda. Swali langu la kwanza lilikuwa kama mbwa amechanjwa kichaa cha mbwa. Alikuwa amechanjwa, mimi mwenyewe nilimchanja mwaka uliopita. Nikasafisha jeraha, nikashona nyuzi sita, nikamchoma sindano, nikaondoka.

Bibi aliniangalia nikikunja vifaa vyangu akasema, "Mwanangu, umejisumbua. Ulimi wa mbwa ni dawa. Angejiganga mwenyewe."

Nikatabasamu tu. Siku ya tatu niliporudi, nyuzi sita zote hazikuwepo. Watasema alikuwa amezitoa moja moja kwa meno, na jeraha likawa wazi kuliko nilivyolikuta siku ya kwanza. Fundi cherehani akifumua nguo kwa ustadi ule ningemsifu.

Nikashona tena. Safari hii nikamwambia Bibi amfunge kwa kamba fupi. Akamfunga. Sasa fikirini wenyewe: kamba inafunga shingo, haifungi ulimi. Mbwa alilala mchana kutwa chini ya mwembe akiramba paja lake kama mtoto mwenye peremende.

Hapa ndipo ninapokiri

Dawa ya tatizo hili niliijua tangu chuoni. Ni kola ya kinga, kitu chenye umbo la faneli kinachovishwa shingoni ili mdomo wa mnyama usifike kwenye jeraha. Siku mwalimu alipotuonyesha mara ya kwanza kwenye mbwa wa mafunzo, darasa zima tulicheka hadi tukashindwa kuandika. Alisubiri tumalize, akasema, "Mnyama haoni aibu. Aibu ni yenu."

Tuliiandika kwenye daftari kwa ajili ya mtihani. Tulipomaliza mtihani tukaisahau.

Basi kwa nini sikumvisha Watasema siku ile ya kwanza? Kola ya dukani sikuwa nayo, lakini hiyo si sababu, maana inatengenezwa kwa chochote. Sababu ni kwamba niliogopa kuchekwa. Wengine mnakumbuka nilipohamia kata hii. Wiki ya kwanza niliitwa kumwona ng'ombe aliyekataa malisho. Nikatoa kipimajoto, nikainua mkia, nikakiingiza panapostahili, nikasubiri dakika mbili nikitazama saa. Waliokuwepo walikaa kimya. Kesho yake nilipopita kwenye kijiwe cha kahawa, mzee mmoja akauliza, "Huyu ndiye yule anayesikiliza homa kwa nyuma?" Jina hilo nilitembea nalo mwaka mzima. Nikajiambia kuanzia leo nitafanya kazi yangu kimya kimya, bila vituko.

Kwa hiyo nilipomwona Watasema amefumua nyuzi mara ya pili, picha iliyonijia haikuwa ya jeraha. Ilikuwa picha ya mbwa mwenye ndoo kichwani akipita senta, na mimi nyuma yake. Nikamwambia Bibi aendelee kumfunga, tutaona.

Tuliona. Usiku wa siku ya tisa fisi waliingia zizini. Watasema alikuwa amelala, mguu umevimba, hawezi kusimama. Alibweka, lakini kubweka kwa mbwa mgonjwa fisi anakujua. Walichukua mbuzi wawili. Mmoja alikuwa jike lenye mimba, ambalo Bibi alikuwa ameliweka akiba kwa ajili ya sare, daftari na godoro la mjukuu akifaulu kwenda kidato cha kwanza Januari.

Nilipofika asubuhi niliona damu kwenye miiba na sehemu ya uzio iliyolalia chini. Bibi hakunigombeza. Alinisogezea kigoda, akaniuliza habari za watoto. Nilitamani angenigombeza.

Nikamtazama mbwa. Jeraha lilikuwa limeoza pembeni na funza wa inzi walikuwa ndani. Hapo nikampigia simu daktari wa mifugo wa wilaya nikamweleza yote bila kuficha. Akaniambia nisishone tena, maana jeraha lenye uchafu ukilifunga unafungia ugonjwa ndani. Nitoe funza wote, nioshe kila siku, nimpe antibayotiki kwa siku alizozitaja, jeraha lijifunge lenyewe kutoka chini kwenda juu. Mwisho akauliza, "Na kola umemvisha?"

Nikakaa kimya.

"Basi mvishe leo," akasema. "Bila hiyo tutaongea tena kesho kuhusu kumzika."

Nikamgeukia Bibi nikamwomba ndoo. Nikamweleza ndoo ni ya nini, na kwamba dawa hii niliijua tangu siku ya kwanza lakini niliona watu watatucheka. Bibi alinitazama kwa muda.

"Mwanangu, mbwa huyu anaitwa nani?"

"Watasema."

"Basi mvalishe."

Ndoo ya lita kumi

Tulipata ndoo ya plastiki ya lita kumi iliyopasuka mdomoni kidogo, iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia. Nikakata tundu kwenye kitako, nikazungushia kingo mpira wa ndani wa baiskeli, nikatoboa matundu madogo na kufunga kwa vitambaa kwenye mkanda wa shingo. Kichwa cha Watasema kikaingia. Ikawa mbwa, halafu ndoo, halafu pua kwa mbali kama mtu anayechungulia kisimani.

Kwa robo saa hakusogea. Alisimama katikati ya uwanja kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Halafu akaamua kwamba kitu hiki kipo mbele yake, kwa hiyo akirudi nyuma atakiacha. Akaanza kurudi kinyumenyume. Alirudi nyuma akazunguka jiko, akarudi nyuma akapita kati ya kuku, akarudi nyuma hadi akakaa ndani ya beseni la vyombo. Mjukuu alikuwa chini anagaagaa kwa kicheko. Bibi alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Na mimi, siku ile yenye huzuni ya mbuzi wawili, nilicheka hadi machozi.

Baada ya hapo akajifunza kwenda mbele, na huko ndiko kulikokuwa na mambo. Alijaribu kuingia jikoni, ndoo ikakwama mlangoni, akabaki amesimama akitingisha mlango kama mdai kodi. Bibi alikuwa ameanika alizeti kwenye turubai. Watasema akapita akiwa ameinamisha kichwa, ndoo ikachota alizeti kama beleshi, akatokea upande wa pili na kilo nzima. Bibi akasema, "Angalau sasa anasaidia kazi." Kuku nao waligundua kwamba mbwa huyu anamwaga mbegu kila akigeuka, wakaanza kumfuata mstari mmoja popote anapokwenda, yeye mbele, kuku nyuma, kama msafara wa kiongozi.

Mnajua pia upepo wa Singida ukianza Juni. Ulikuwa ukivuma, ndoo inaukamata, na mbwa anatembea ubavu ubavu kama lori ambalo turubai lake limefunguka kamba. Ikabidi atafute namna ya kutembea akiupa upepo mgongo, kwa hiyo akawa anafika anakokwenda kwa kuzunguka.

Siku ya pili kijiji kizima kilikuwa na habari. Watoto wakitoka shule walipitia kwa Bibi kuangalia "Dishi". Jina la Watasema likasahaulika kwa wiki tatu. Mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa, yuleyule wa homa ya nyuma, alikuja akasimama nje ya uzio akasema, "Bibi, hebu mgeuze kidogo upande wa Dodoma, taarifa ya habari inakwaruza." Dereva wa bodaboda akauliza kama anapokea chaneli za mpira. Mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akipita kwenda mnadani alitaka kujua tunaiuza bei gani hiyo spika.

Lakini kichekesho kikubwa kilikuwa usiku. Sauti ya Watasema ikipita kwenye ndoo ilitoka nzito na kubwa kama inatoka kwenye kipaza sauti. Yeye mwenyewe alibweka mara ya kwanza akashtuka, akabweka tena kumjibu yule aliyebweka. Asubuhi jirani alikuja kuuliza, "Bibi, umeleta mbwa mwingine? Huyo mkubwa umempata wapi?"

Nami nilijitahidi kuleta elimu. Nikamweleza Bibi kwamba kola hii kwa wazungu inaitwa kwa jina la Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1558 hadi 1603, kwa sababu wakubwa wa enzi hizo walivaa shingoni kola kubwa za kitambaa kilichokunjwakunjwa na kutiwa wanga hadi kikasimama kama sahani. Bibi akasikiliza vizuri, akafikiri, akauliza:

"Na huyo malkia naye alikuwa akijiramba?"

Sikuwa na jibu. Chuoni hatukufundishwa.

Kicheko kilileta nini

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikulitegemea. Kicheko nilichokuwa nakikimbia ndicho kilichowaleta watu uwanjani kwa Bibi. Kabla ya ndoo, wengi walisikia kwamba mbuzi wake wameliwa, wakasema pole, wakaendelea na alizeti zao. Msimu wa kuvuna kila mtu ana yake. Lakini dishi kila mtu alitaka kuliona kwa macho. Walipokuja kuliona, waliona na jeraha. Waliona na zizi lililolalia upande mmoja na mama wa watu akikesha na moto na debe la kugonga usiku kucha pamoja na mtoto mwenye mtihani mbele yake.

Siku ya nne vijana wawili walikuja na mapanga wakakata miiba mipya wakaziba uzio. Yule mzee wa taarifa ya habari alimtuma mwanawe kulala karibu na zizi hadi mbwa apone, ili mjukuu apate kusoma na kulala. Hakuna aliyeitisha mkutano. Walikuja kucheka, wakabaki kusaidia.

Jeraha nalo lilifanya linalopaswa kufanya likiachwa. Wiki ya kwanza uchafu ulikauka. Wiki ya pili nyama nyekundu safi ilianza kujaza kutoka chini. Siku ya ishirini na sita tangu avae ndoo, ngozi ilikuwa imefunga. Nilipomvua alisimama tena robo saa bila kusogea, halafu akajiramba mwili mzima kuanzia kichwa hadi mkia, nafikiri kulipa deni.

Yako yakikukuta, fanya hivi

1. Ulimi wa mbwa si dawa ya jeraha. Kuramba kidogo kunaweza kuondoa vumbi, lakini mdomo wa mbwa una vijidudu vingi, na kuramba kusikokoma kunafungua jeraha na kulifanya libichi. Jeraha bichi ndilo inzi analitafuta.

2. Kola unaitengeneza mwenyewe. Ndoo iliyopasuka, dumu lililokatwa, au boksi gumu kwa mbwa mdogo na paka. Pima kutoka shingoni hadi ncha ya pua, kisha ongeza vidole viwili au vitatu. Ikiwa fupi, pua inatokeza na kazi yote ni bure.

3. Tundu la shingo lisibane wala lisipwaye. Vidole vyako viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Kingo zote zizungushie mpira wa ndani wa baiskeli au kitambaa kinene, maana plastiki iliyokatwa ni kisu. Kila siku angalia ngozi ya shingoni kama haijachubuka.

4. Chombo cha maji na chakula kiwe chembamba kuliko mdomo wa kola, na ukiinue juu ya tofali. Akishindwa kabisa, mvue ale huku umesimama hapo, kisha mvishe tena. Usimvue ukaenda kisimani. Dakika kumi zinamtosha kuharibu kazi ya wiki.

5. Jua likiwa kali mweke kivulini, na usiku asizurure. Mbwa mwenye kola haoni pembeni na hakimbii vizuri.

6. Maji ya kuoshea jeraha: chemsha nusu lita, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe. Majivu, oili chafu, mafuta ya breki na sabuni ya unga usiweke. Dawa ya maumivu ya binadamu usimpe. Nyingine zinaua mbwa na paka.

7. Ukiona funza, harufu mbaya, uvimbe, au mnyama amekataa kula, usisubiri siku ya tisa kama nilivyosubiri mimi. Piga simu.

8. Kama mbwa amejeruhiwa kwa kung'atwa na fisi, bweha au mbwa usiyemjua, habari inabadilika. Usimshike jeraha kwa mikono mitupu, niite kwanza, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Na binadamu aking'atwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mchanje mbwa wako akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, lakini mbwa wako usimngojeshe tarehe.

Kuna wanaoniambia kola ni mateso kwa mnyama. Naelewa, ukimtazama siku ya kwanza unamhurumia. Lakini mbuzi mlafi anayepenya kwenye uzio wa bustani tunamfunga miti mitatu shingoni, na hatumwiti dishi. Tofauti ni kwamba ule mti unalinda mchicha wetu, tumeuzoea. Ndoo ilimlinda mbwa mwenyewe. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ninavyoielewa mimi, mateso ni kumwacha mnyama aoze mguu kwa sababu bwana mifugo wake anaogopa kijiwe cha kahawa.

Hivi sasa

Mbuzi wa Bibi ni tisa. Wawili hawajarudi na hawatarudi, na hilo nimelibeba. Januari ikifika na mtoto akifaulu, Bibi atauza majogoo wengi kuliko alivyopanga. Nimemwahidi kwamba kuku wake wote, hata wale wa juu ya mti, nitawachanja kideri kwa wakati ili majogoo hayo yawepo. Hiyo ndiyo mada ya wiki ijayo, kwa hiyo andaeni maswali.

Watasema amerudi kazini na jina lake limerudi. Anachechemea kidogo asubuhi za baridi. Ndoo ilioshwa, ikaning'inizwa kwenye mti wa jikoni.

Haikukaa hapo muda mrefu. Wiki iliyopita, giza limeshaingia, nilisikia hodi nyumbani kwangu. Alikuwa yule mzee wa taarifa ya habari. Mbwa wake alikuwa amekatwa na bati mguuni, na tangu asubuhi alikuwa hajaacha kujiramba. Alinisalimia kwa urefu, akauliza habari za mvua wakati wote tunajua Juni haina mvua, halafu akasogea karibu akashusha sauti.

"Bwana Mifugo, ile ndoo iko kwa nani?"

Nikamwambia iko kwa Bibi, akaichukue tu, nami nitafika asubuhi kuangalia jeraha. Akashukuru. Alipofika kwenye pikipiki yangu akageuka.

"Nitaipitia usiku huuhuu," akasema. "Watoto wakiwa wamelala."